Fahali wa Mwenyekiti

Rongai
12 Februari 1956

Kwa Jepkosgei, mtoto wa dada yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii. Sisi ni wazima. Mke wangu Chepkemei ni mzima isipokuwa goti, na goti hilo linamuuma tangu mwaka wa nzige, kwa hiyo si habari. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Tulitaka jike, lakini hatukuulizwa. Mvua bado.

Usishangae kuona mwandiko si wangu. Mimi nasema, Chepkemei anaandika. Mtu aliyepanga herufi za madini ya risasi miaka kumi na tisa hawezi tena kuhangaika na kalamu. Dereva wa gari moshi akistaafu hatembei kwa miguu.

Nimesikia umeingia duka lile lile la uchapaji hapo Nakuru nililoliacha mwaka jana. Nimesikia pia tajiri amekupa majaribio mpaka mwisho wa Julai, na kwamba ukifaulu utapewa meza yangu, ile iliyo karibu na dirisha, uwe mpangaji herufi wa kudumu. Usipofaulu utarudi kuchuma maua ya pareto kwa Mzungu. Mwambie mama yako aache kulia. Kazi hii haimharibu mwanamke, inampaka vidole tu.

Sasa sikia. Jambo la kwanza, maziwa. Risasi huingia mwilini kwa kucha na kwa mdomo, kwa hiyo kila siku kunywa maziwa, na usile hata kipande cha mkate kabla ya kunawa mikono kwa sabuni. Naftaly, ambaye sasa ndiye msimamizi, hushika herufi kwa midomo akiwa na haraka. Mwangalie meno yake uelewe.

Ukipanga mstari kwenye stiki, kile kibao cha chuma cha kushika mkononi, herufi zinasimama kichwa chini, nawe unasoma kutoka kushoto. Usijaribu kuzigeuza ili uzione vizuri. Utazimwaga, na herufi zikimwagika sakafuni utaokota mpaka Pasaka. Jifunze sanduku kwa vidole. Kila herufi ina chumba chake, a ni chumba kikubwa, q ni kijumba cha mjane. Mkono ukijua njia, macho yabaki kwenye karatasi ya mteja.

Kazi ikiisha, osha herufi kwa mafuta ya taa na uzirudishe kila moja chumbani mwake siku hiyo hiyo. Mpangaji mvivu ni mwizi wa mpangaji wa kesho.

Na hii ni sheria, si ushauri. Herufi ya tajiri haitoki mlangoni. Hata moja. Hata kwa kuionyesha familia.

Kuhusu kwa nini niliacha kazi, utasikia watu wakizungumza juu ya fahali. Waache wazungumze.

Mjomba wako,
Hiram Kimaiyo

Mimi ninayeandika naongeza: goti si la mwaka wa nzige, ni la mwaka uliofuata. C.


Nakuru
4 Machi 1956

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi ni mzima. Mama ameacha kulia, sasa ananiuliza kama naweza kumchapia kadi yenye jina lake. Nampa pole Mama Chepkemei kwa goti, la mwaka wowote ule.

Maziwa nanunua. Vidole vimeanza kujua sanduku. Wiki hii nilipanga tangazo la mnada wa mbuzi bila kutazama chini, na Khaemba wa mashine ya kuchapa, ile ya kukanyaga kwa mguu, alikuja kuhakikisha kama nimefumba macho.

Lakini tumepata shida ya K. Herufi hizi ziliagizwa Ulaya, na inaonekana huko watu hawana haja ya K. Za ukubwa wa kadi ziko tisa tu. Juzi ikaja kamati ya arusi kutoka kanisani. Bwana arusi ni Kiplangat, na kamati ina wazee kumi na mmoja, wote Kipsang, Kiprugut, Kipkemoi, na kila mmoja anataka jina lake kwenye kadi. Naftaly aliwaambia K hazitoshi, wengine watatu waahirishwe. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Basi mtoe bwana arusi. Yeye watu watamwona siku yenyewe."

Nikakumbuka uliwahi kumweleza Mama habari ya kuchapa mara mbili. Nikapanga nusu ya majina, Khaemba akachapa, nikaosha K, nikapanga nusu ya pili chini yake, akachapa tena karatasi zile zile. Haionekani kabisa. Lakini wazee walikataa kuondoka, walikaa dukani kutazama nani anachapwa kwanza, na waliochapwa mara ya pili hawajasalimiana na wale wengine mpaka leo.

Tajiri aliona kazi ile akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akauliza ndugu zangu ni nani. Nilipotaja jina lako aligeuka, akaenda ofisini kwake.

Mjomba, hiyo habari ya fahali ni nini? Kila mtu hapa anacheka na hakuna anayenieleza.

Ni mimi,
Jepkosgei


Rongai
25 Machi 1956

Kwa Jepkosgei,

Salamu. Mvua imefika, paa linavuja mahali pale pale. Ndume amepata nguvu, amempiga teke Chepkemei kwenye lile goti lingine, kwa hiyo sasa anatembea sawasawa.

Umefanya vyema kwa K. Sasa ni majira ya mvua, basi karatasi ziingize chumba cha mashine siku moja kabla ya kuchapa, zizoee hewa, la sivyo zitajikunja. Wino usiuamini kwa kuutazama. Usikilize. Ukiusambaza kwenye bamba unatakiwa ulie kidogo kama uji wa wimbi unaokaribia kuiva. Ukinyamaza, ni mzito mno. Na mashine ya kukanyaga haina undugu. Ukisahau kidole ndani, haitakukumbusha.

Umeniuliza juu ya fahali. Vizuri, wewe ni mtu mzima.

Mwaka jana tulichapa kijitabu cha maonyesho ya ng'ombe ya Wazungu. Kulikuwa na picha mbili, kila moja kwenye bloki yake ya chuma, ukubwa mmoja. Moja ilikuwa ya fahali mshindi. Nyingine ya mwenyekiti wa kamati yao. Kijitabu kilipotoka, chini ya fahali paliandikwa kwamba huyu ndiye mwenyekiti wetu mpendwa, ametuongoza miaka saba bila kuchoka. Na chini ya mwenyekiti paliandikwa uzito wake ratili elfu mbili, tabia ya upole, anatumika kuzalisha katika mashamba matatu.

Siandiki mengi, siku hizi za Hali ya Hatari barua hufunguliwa. Nasema tu kwamba mikono ya Kimaiyo haitelezi. Kuna siku mwanamume husema neno lake kwa chombo alicho nacho.

Hapa Rongai wanajua. Watu wanatoka mbali kuja kunisalimu, wananiita Baba Fahali, wanaleta sukari. D.O., yule afisa wa wilaya, alimtuma askari kunihoji. Askari akaniuliza kama ni kweli, nikamsomea yale maneno kwa kichwa, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Jumapili mzee wa kanisa alinitoa kiti cha nyuma akaniketisha mbele. Miaka sitini hakuna aliyenijua. Sasa hata Mwalimu ananiamkia kwanza.

Kunywa maziwa.

Mjomba wako,
Hiram Kimaiyo

Naongeza: sukari wanayoleta si nyingi kama anavyosema. Lakini barua zako nawasomea wageni, wanazipenda sana. C.


Nakuru
29 Aprili 1956

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu, na Mama Chepkemei, na magoti yote mawili. Mama yangu anaendelea vizuri. Kadi yake nilimchapia, amempa muuzaji wa mboga kuku ili akubali kupokea kadi.

Leo sitaongea mengi ya kazi. Juzi tajiri aliniita ofisini. Alisema kazi yangu ni safi kuliko ya Naftaly. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyosema: "Lakini wewe nyumba ya Kimaiyo. Kimaiyo nacheka mteja yangu. Mwaka huu kijitabu ya ng'ombe nakuja tena, mwenyekiti nakuja hapa mwenyewe kuangalia nani iko kwa ile meza. Mimi naweka mtu ya Kimaiyo hapo, yeye napeleka kazi kwa duka ingine." Nikamwambia labda ilikuwa bahati mbaya. Akasema, "Bahati mbaya, mtu nakuja nasema pole. Yeye hapana sema. Mwaka nzima hapana sema."

Basi nikitaka meza lazima kitoke kwako kitu chochote kinachosema hukukusudia. Mpaka mwisho wa Julai.

Mjomba, nilitaka kuishia hapo nikusihi tu. Lakini nilipokuwa nikifagia chini ya meza yako niliona bloki za zamani za picha. Kila moja ina alama zilizokatwa kwa kisu ukingoni. Nembo ya hospitali, alama moja. Kanisa, mbili. Jembe, tatu. Zote zimekatwa mahali ambapo kidole gumba hukaa. Bloki ya fahali na ya mwenyekiti hazina alama. Naftaly anasema zilifika jioni ya mwisho, kazi ikiwa imechelewa.

Nilifumba macho nikazipapasa. Herufi ya risasi inasomeka kwa kidole. Picha haisomeki. Ni vitone vitupu, fahali na mwenyekiti ni laini sawasawa.

Mjomba, macho yako yalikufa lini? Na kwa nini hukutuambia?

Sikuulizi kwa sababu ya meza tu. Nakuuliza kwa sababu nililia pale chini na ufagio mkononi, na Khaemba alidhani nimejikata.

Ni mimi,
Jepkosgei


Rongai
20 Mei 1956

Kwa Jepkosgei,

Salamu. Nimefurahi kusikia kwamba kazi yako ni safi kuliko ya Naftaly, ingawa hata ya ndume wetu ni safi kuliko ya Naftaly. Nimefurahi pia kwa kadi ya dada yangu.

Wageni walikuwa wengi siku barua ilipofika. Yule mwenye duka la nafaka amenunua redio, na bado alikuja kunisikiliza mimi.

Mambo ya tajiri sikuyaelewa vizuri, Chepkemei alisema umeandika kwamba anakufikiria. Usiwe na wasiwasi. Kaza kabari za fremu inayobana herufi kutoka pembeni, kidogo kidogo, upande huu na upande ule, usikaze mmoja mpaka mwisho. Kabla ya kuinua fremu, inua kona moja na ubonyeze herufi. Ikishuka hata moja, usiinue.

Mjomba wako,
Hiram Kimaiyo

Naongeza bila yeye kujua: yale ya macho sikumsomea. Ya mwenyekiti kuja kuangalia meza sikuyasoma pia. Nyumba ilikuwa imejaa watu na mzee wa kanisa alikuwa ameshika kikombe. Walipoondoka nikafungua kinywa nikashindwa. Mwanangu, mwanamume huyu alikuwa anakaa karibu na moto hasemi na mtu. Sasa anavaa koti kila asubuhi. Utanisamehe. Usiandike tena habari hiyo, kwa sababu ukiandika atakayesoma ni mimi. C.


Nakuru
3 Juni 1956

Mama Chepkemei,

Salamu nyingi. Nimekuelewa, na sina kinyongo nawe.

Anayeleta barua hii amebeba kopo la majani ya chai. Ndani si majani. Ni zito, na lisitikiswe. Tafadhali mpe Mjomba mkononi akiwa peke yake. Wewe usihangaike kulisoma, limeandikwa kinyume na halina wino.

Jepkosgei

(Ndani ya kopo, herufi kubwa za risasi, zimepangwa mistari sita na kufungwa kamba kwa nguvu:)

MJOMBA KIMAIYO
MAMA CHEPKEMEI HATASOMA HII
FAHALI HAKUWA SIASA
NI MACHO
UKISEMA NAPATA MEZA
USIPOSEMA BADO NAKUPENDA


Nakuru
29 Julai 1956

Mjomba mpendwa,

Salamu, na salamu tena. Mama anakusalimu. Sijui nianzie wapi.

Juni yote ulinyamaza. Nilijua nimekosa. Nilivunja sheria yako, nilitoa herufi mlangoni, na si moja, mia moja, pamoja na K tano. Naftaly alizitafuta K hizo mpaka ndani ya buli. Kamati nyingine ya arusi ilifika, ikaambiwa ingoje, na nasikia arusi yenyewe imevunjika kwa sababu nyingine, lakini mimi ninalaumiwa. Julai ikaingia. Kila siku nilipotoka posta mikono mitupu nilisema, basi, nimemvua mzee koti lake na meza pia nimeikosa. Mama alikuwa ameshanitafutia kikapu cha pareto.

Jumatano nikakuta kopo mezani kwangu. Hapakuwa na barua. Juu zilikuwa herufi zilizolegea, zimefungwa kwenye kitambaa, zimeoshwa kwa mafuta ya taa. Chini ilikuwepo mistari miwili tu, imefungwa kamba kwa fundo lako lile ambalo Naftaly hajawahi kuliweza.

Sikuisoma kwa macho. Niliweka kidole.

NI MACHO
KIMAIYO

Niliichukua kama ilivyo nikaingia ofisini. Tajiri aliitazama akaona risasi tu. Nikapaka wino, nikaweka karatasi, nikabonyeza kwa kiganja, nikamwekea mezani. Alisoma. Akaniuliza maana yake, nikamweleza habari ya alama za kisu. Akaisoma mara ya pili, Mjomba. Kisha akasema, "Kimaiyo kila siku naambia mimi, karatasi ya mteja nisomee, prufu ya kukagua soma wewe, mimi iko na kazi. Miaka mbili naambia hivyo. Mimi nafikiri yeye iko na kiburi." Akavua miwani akaifuta, nayo haikuwa chafu.

Mwenyekiti alikuja Ijumaa. Tajiri alimwonyesha ile karatasi. Sijui Kiingereza walichosema kilikuwa na maneno gani, lakini Bwana yule alitoka nje mwekundu, akarudi, akaja mpaka mezani akaniambia kwa Kiswahili chake nikupe salamu. Akasema mke wake ameweka kile kijitabu kwenye fremu ukutani, na hakikuwahi kumkasirisha mke.

Meza nimepewa. Iko pale pale dirishani. Bloki ya fahali nimeikata alama nne, ya mwenyekiti tano.

Lakini Mjomba, huko kwako imekuwaje? Watu bado wanakuja?

Ni mimi,
Jepkosgei


Rongai
19 Agosti 1956

Kwa Jepkosgei, mpangaji herufi, Nakuru,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Kikapu cha pareto akiuze.

Umeuliza kama watu wanakuja. Kopo lilipofika sikusema kitu mwezi mzima. Nilikuwa nimefanya hesabu yangu. Upande mmoja kiti cha mbele kanisani na kuitwa Baba Fahali. Upande wa pili wewe. Ilinichukua mwezi, na naona aibu kwamba ilinichukua mwezi. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, nikasimama nikawaambia wote kwamba sikumtukana Mzungu yeyote, kwamba sioni, na kwamba kama ningeona ningeweka kila mnyama mahali pake. Halafu mzee wa kanisa akasema kwa sauti kwamba kuanzia wiki ijayo nirudi kiti cha nyuma, maana huko ndiko karibu na mlango, nisijikwae. Ni mtu mwema, anajua kumshusha mtu kwa huruma.

Sukari imekatika. Mwenye duka la nafaka anasikiliza redio yake. Mwalimu anangoja nimwamkie mimi. Lakini yule askari wa D.O. alipita, akakaa pale pale alipocheka, akanywa chai, akaniuliza herufi ya risasi inasomwaje kwa kidole. Nikamwonyesha kwa kifungo cha koti lake.

Mimi ninayeandika naingilia, na atanisikia nikisema ninavyoandika: siku ya kopo alinifukuza jikoni. Nilimchungulia. Alilifungua baada ya chai ya asubuhi, na ng'ombe walirudi bado ameliweka magotini, kidole kinakwenda na kurudi mstari wa mwisho. Nilimwuliza imesemaje. Akasema, "Ni mambo ya kazi." C.

Ni kweli yalikuwa mambo ya kazi. Basi nimalizie hayo. Mistari yako haikujaa sawa, ule wa tatu ulikuwa mlegevu, ningekuwa Naftaly ningekukata mshahara. Kamba uliifunga kinyume. Na kubwa kuliko yote, uliondoa mali ya tajiri dukani, jambo nililokukataza katika barua ya kwanza kabisa. Nimezihesabu, mia moja zimerudi. Usirudie tena.

Tangu niache kazi barua zote nimesomewa. Hii niliisoma mwenyewe.

Ukirudia, tumia herufi kubwa zaidi. Hizi zilikuwa ndogo kidogo.

Mjomba wako,
Hiram Kimaiyo